Pete Ndani ya Mbasa

Watu wa kwetu wakinisalimia siku hizi hawaniulizi habari za nyumbani, wananiuliza habari za samaki, kisha wanacheka, na mimi nacheka nao kwa sababu nikinuna itakuwa mbaya zaidi. Basi leo acheni niseme mwenyewe ilivyokuwa, maana habari inayozunguka sokoni imetiwa chumvi nyingi (eti nilifukuzwa na mbwa, hakukuwa na mbwa hata mmoja). Aibu niliipata, sikatai. Nilikutwa jikoni kwa wakwe zetu mkono wangu umezama ndani ya tumbo la samaki, uzi mwekundu umening'inia mdomoni.

Mimi ni fundi cherehani hapa Mbamba Bay, ingawa kwetu hasa ni Lundo. Mdogo wangu Festo, kitinda mimba wa mama yetu, anafanya kazi Mbinga kwenye mashine ya kukoboa kahawa, na huko ndiko alikompata Imelda, binti wa Mzee Kasian, Wamatengo wa mlimani wenye kahawa yao, mahindi yao na heshima zao. Mama yetu kabla hajafariki alinikabidhi pete yake ya ndoa, dhahabu kweli, imekuwa nyembamba kwa kuvaliwa, akasema mbele ya Festo kwamba hiyo ataivaa mke wa Festo. Nikaitunza kwenye kopo la vifungo. Sasa ndoa imekaribia, Festo ananipigia, dada pete ifike mapema sonara aipanue, kwa sababu Imelda amelima mashamba ya mlimani tangu utotoni na vidole vyake si vile vya mama. Kupanda Mbinga mwenyewe nilikuwa siwezi, sare za akina mama wa harusi zilikuwa zimenijaa mezani na nyingine hata shingo sijazikata.

Nikaenda posta. Dada wa dirishani alinielekeza vizuri kabisa, siwezi kumlaumu: kitu cha thamani hakitumwi kama barua ya salamu, kinasajiliwa, unakifunga kwenye boksi dogo, boksi dogo unaliweka ndani ya kubwa, katikati unajaza karatasi kisicheze, nje huandiki kwamba ni dhahabu, na ukitaka ulipwe kikipotea unataja thamani yake na kulipia bima, risiti unaitunza. Mimi nikatikisa kichwa kama mwanafunzi mwema mpaka aliponitajia gharama yake yote.

"Eh! Imepanda lini?"

"Imepanda, mama. Kila kitu kimepanda. Hata mafuta ya gari yamepanda."

"Lakini pete yenyewe haijai hata kijiko!"

"Hatupimi uzito tu, mama, tunalinda na thamani."

Nikamwambia ngoja nikajipange (ndivyo tunavyosema tukiwa hatutarudi), nikatoka. Nilipofika kwa wauza samaki ndipo akili ikanijia, na mimi akili yangu ikija huwa siichunguzi. Kila siku magari ya kupanda Mbinga yanabeba samaki, konda anapewa kidogo cha maji, na hakuna mwizi anayepekua samaki wakavu. Nikanunua usipa, vile vidagaa vyetu, nikanunua na mbasa mmoja mkubwa wa moshi aliyepasuliwa tumbo vizuri, nikarudi navyo kwenye cherehani.

Sasa angalieni kazi ya fundi. Pete nikaiviringisha ndani ya kipande cha kitambaa chekundu kilichobaki kwenye sare, nikakifunga mafundo mengi ili isiteleze, nikakisukuma ndani kabisa ya tumbo la mbasa, nikalishona tumbo kwa uzi mwekundu kwa sababu ndio uliokuwa kwenye sindano. Mshono wa mkono, wa karibukaribu, ambao hata kwenye koti la bwana harusi ningeuonea fahari. Nikamzungushia magazeti, nikamlaza juu ya usipa, mzigo nikampa konda asubuhi. Festo sikumwambia siri hiyo kwa simu, maana kazini kwake mashine zinaunguruma na yeye simu huiweka kwenye spika mpaka wapakiaji wote wanasikia. Nikasema nitampigia jioni akiwa nyumbani. Niliona nimemaliza kila kitu, nikashona siku nzima huku naimba.

Jioni nikapiga.

"Dada, asante sana, samaki wamefika salama. Usipa nimebaki nao. Yule mkubwa nimeshampeleka kwa wakwe."

Nikakaa chini. Kosa lilikuwa langu, kwa sababu desturi hiyo naijua tangu nazaliwa: mwanamume aliyeposa akiletewa samaki wa ziwani, yule mkubwa halali nyumbani kwake, anakwenda kwa wazazi wa binti siku hiyohiyo. Festo ni mtoto aliyelelewa vizuri (nimemlea mimi). Alimchukua mbasa na magazeti yake, akapanda naye bodaboda mpaka mlimani. Nikamweleza kilichomo tumboni, nikamwambia arudi akamchukue.

"Dada, mimi siwezi kwenda," akasema. "Nitamwambia mkwe nini? Nirudishieni samaki wangu? Si atadhani nimekuja kuvunja posa?"

Imelda mwenyewe alikuwa Songea kwa shangazi yake kushonewa gauni, na kumwambia yeye kwa simu ilikuwa ni kuutangazia ukoo mzima kwamba dada wa bwana harusi ameshindwa kulipia kifurushi. Nikaamua nipande mwenyewe kesho yake, nimwite mama mkwe pembeni, tumalize kiutu uzima.

Nafika uwanjani kwa Mzee Kasian nakuta viti vya plastiki vimejaa watu. Siku hiyo sala ya jumuiya ilikuwa nyumbani kwao! Akina mama na rozari zao, akina baba wamevua kofia, katekista na kitabu chake katikati.

"Tumsifu Yesu Kristo," nikasema.

"Milele na milele, amina."

"Karibu mkwe!" Mzee Kasian akasimama. "Au umemfuata samaki wako?"

Alikuwa anatania tu, maskini ya Mungu, lakini mimi nilicheka kwa sauti kubwa kuliko utani wenyewe ulivyostahili, mpaka katekista akaniangalia. Nikapewa kiti mbele. Mama Imelda akaninong'oneza kwa furaha kwamba nimefika siku nzuri, mbasa wetu yuko jikoni anaandaliwa, watu wote wa jumuiya watamwonja baada ya sala.

Hapo ndipo ningesema. Mngekuwa nyinyi mngesema. Mimi niliona wale watu wote, nikaiona na sura yangu ilivyo wakati naeleza habari za gharama ya posta katikati ya rozari, nikanyamaza. Nikavumilia tendo la kwanza la rozari, nikavumilia la pili, kila nikivuta pumzi nasikia harufu ya kuni, nikainuka nikamwambia Mama Imelda niruhusu nikasaidie jikoni.

"Jikoni? Mgeni? Tena mkwe? Kaa, mama, kaa."

"Kwetu ziwani," nikasema (na hili nililitunga palepale, wazee wa Lundo wanisamehe), "samaki wa zawadi akipikwa na mwenyewe yupo, lazima mwenyewe amguse."

Akaguswa na heshima hiyo, akaniruhusu. Maji ukishayavulia nguo huna budi kuyaoga, nikaingia jikoni.

Ndani alikuwamo mtu mmoja tu, Bibi Osmunda, mama yake Mzee Kasian, amekaa kwenye kigoda anapukuchua maharage. Nilikwishaambiwa na Festo kwamba bibi haoni vizuri. Nikamwamkia, Shikamoo bibi, Marahaba mwanangu, nikampa mgongo na kuinamia beseni. Mbasa alikuwa amelowekwa, bado hajakatwa. Nikashukuru. Nikatafuta mwisho wa uzi, lakini uzi mzuri ukilowa haukatiki, na mkasi wangu nilikuwa nimeuacha kwenye mkoba uwanjani, basi nikamwinua samaki nikaukata kwa meno. Nikaingiza mkono.

"Mwanangu, unamfanya nini huyo samaki?"

(Bibi haoni vizuri vya karibu. Vya mbali anaona kuliko mimi.)

"Namsafisha, bibi."

"Mbona umemng'ata?"

Bibi akainuka, akaona mshono mwekundu, akaniona nachomoa kifundo chekundu tumboni, akaanza kumwita mwanawe kwa Kimatengo kwa sauti ambayo sikutarajia kwa mtu wa umri wake. Maneno mengi sikuyaelewa, ila neno la dawa nililielewa. Sala ikakatika. Jumuiya nzima ikaja mlangoni na rozari mikononi.

"Dada yake Festo," Mzee Kasian akasema taratibu. "Hicho ni nini?"

Na mimi, badala ya kusema ukweli hata hapo, nikajibu, "Viungo."

"Viungo gani vinafungwa mafundo? Viungo gani vinashonewa tumboni kwa uzi mwekundu?"

Mama Imelda akaketi chini pale pale mlangoni, akaanza kulia. "Wanataka kumfunga mtoto wangu," akasema. "Nimewakaribisha kwangu, kumbe wanataka kumfunga mtoto wangu." Kuna mtu akapaza sauti kwamba nisikiweke chini hicho kitu, mwingine akasema nisikishike. Mzee Kasian hakupiga kelele. Alimgeukia tu mshenga, aliyekuwa miongoni mwa wanajumuiya, akamwambia, "Mpigie Festo. Mwambie aje achukue vitu vyake vyote. Binti simtoi."

Jamani! Nikamwona akilini Festo akipokea simu ile kwenye spika mbele ya wapakiaji. Nikapiga magoti kwenye majivu nikasema, baba, ni pete, ni pete ya marehemu mama yetu, ni ya Imelda, niliificha ili isiibiwe njiani. Hawakuamini, na mimi pia nisingeamini. Katekista akaagiza twende uwanjani, akanyunyiza maji ya baraka juu ya kile kifundo na juu yangu pia kwa tahadhari, ndipo akaniruhusu nikifungue mbele ya watu wote. Mafundo yalikuwa yamelowa yamekaza. Nikaomba mkoba wangu, nikatoa mkasi, nikakata, pete ikadondoka kwenye vumbi.

Bibi Osmunda ndiye aliyeinama akaiokota, akaifuta kwa kanga yake, akaisogeza mbali na macho yake ili aione.

"Ya mama yako?"

"Ndiyo, bibi."

"Na wewe mama yako ukamtia kwenye samaki."

Hapo ndipo nililia kweli. Yale mengine yote yalikuwa aibu ya watu, hili lilikuwa langu mimi na mama yangu, na bibi hakulisema kwa ukali.

Mzee Kasian akauliza kwa nini sikuituma posta, na mimi nikiwa sina uongo uliobaki nikamwambia gharama zimepanda, nikaona ni nyingi mno kwa kitu kidogo vile. Mama mmoja wa nyuma akauliza kwa upole kabisa, "Na samaki ulimwokota? Na nauli ya kupanda, na bodaboda ya huku, na ya kurudi je?" Nikawa nahesabu kimoyomoyo. Mshenga akashindwa kujizuia, akacheka, wakafuata wote, mpaka Mama Imelda aliyekuwa bado ameshika kichwa akacheka huku machozi yanamtoka.

Posa haikuvunjika. Lakini niliamriwa nilipe faini, mbasa mwingine, nimlete kwa mkono wangu mwenyewe, tumbo wazi, na nimpeleke katikati ya uwanja kila mtu amwone. Pete hawakunirudishia; Bibi Osmunda alisema imeshafika kwa wenyewe, na kwa sonara akaenda nayo yeye mwenyewe. Yule samaki wa kwanza katekista alishauri azikwe, bibi akasema samaki hana kosa lolote, wakampika, na mimi nikala kipande changu nikiwa nimeinamisha kichwa.

Siku ya ndoa padre alipoishika pete aibariki aliisogeza kidogo karibu na pua (habari ilikuwa imemfikia, ni nani haikumfikia?), kanisa zima likaguna, na mimi niliyeshona sare zote zile nzuri hakuna hata mmoja aliyenisifia mshono. Mama Imelda ananipenda sana sasa, lakini hadi leo nikimpelekea samaki hampokei kabla hajambonyeza tumbo.

Nimeapa: kitu cha thamani nitakisajili, au nitakipeleka kwa miguu yangu, au kitabaki kwenye kopo. Hayo ya vicheko nimeyazoea. Linalonisumbua ni neno alilonitamkia Festo jioni ya harusi yake, wakati wageni wanaondoka, bila hasira yoyote. "Dada," alisema, "ungeniambia tu kwamba huna hela, ningekutumia." Nikaitikia kwa kichwa, nikashindwa kumtazama, kwa sababu hela nilikuwa nayo.