Nyama Iliyojipika Darini Ijumaa Kuu

Nikipita njia ya kanisani hadi leo kuna watoto wananiita Mama Mvuke, tena si watoto wakorofi, wana adabu zao, wanaamkia kwanza, "Shikamoo Mama Mvuke," halafu wanakimbilia kwenye migomba wakicheka, na mimi naitikia marahaba kwa sababu nitafanya nini. Aibu ile sikuipata kwa juhudi zangu peke yangu. Nilisaidiwa. Walionisaidia nitawataja, maana wote wapo hapa hapa Kibosho, wamenenepa, na hakuna hata mmoja aliyepewa jina la kejeli.

Wa kwanza ni Filomena, jirani yangu, kihamba chake, yaani shamba lake la migomba, na changu vimetenganishwa na mstari wa masale tu, ile mimea ya mpaka. Masika ya mwaka mmoja kabla ya aibu hiyo, udongo ulipoporomoka ukachukua banda langu la mbuzi na kile kidaraja cha korongoni, mimi nilibaki upande wa huku na ng'ombe mmoja na kuni zilizolowa mpaka moyoni. Unga ninao, maharage ninayo, moto sina. Nikawa nakula ndizi zilizoiva nilizoziweka za kutengenezea pombe ya mbege, asubuhi ndizi, jioni ndizi, mpaka tumbo likaanza kutengeneza mbege lenyewe. Nikavaa gunia kichwani, nikaenda kwa Filomena kugonga. Nasikia dagaa wanakaangwa. Nikagonga tena, sauti ikatoka ndani, "Tumeshalala, mama!" Mchana kweupe. Dagaa wanalia kwenye mafuta, mwenye dagaa amelala.

Hilo sikulisahau, na sikukusudia kulisahau.

Mvua ilipokatika, jumuiya yetu ya sala ikakaa, ikakubaliana kila nyumba ilete chakula kisichohitaji kupikwa, biskuti, maharage ya kopo, karanga, maziwa ya unga, kiwekwe kwenye sanduku la bati kisubiri masika mengine. Jambo jema kabisa. Ila sanduku lilitaka mtunzaji, na mwenyekiti wetu Babu Deo akasema atamtangaza siku ya Ijumaa Kuu baada ya sala. Mimi nililitaka lile sanduku kuliko nilivyowahi kutaka kitu (marehemu mume wangu anisamehe, hata yeye sikumtaka namna ile). Sikutaka kuiba. Nilitaka tu kwamba siku mvua ikija, watu waje kwangu kugonga, nami nifungue. Mwenye sanduku hasahauliki.

Wa pili kwenye kesi hii ni Proches, mtoto wa kaka yangu, mpagazi wa mlimani. Kuna mtalii alipanda na mzigo wa vyakula kama anahamia, kichwa kikamuuma huko juu, akateremshwa kwa machela, vyakula akawaachia wapagazi. Proches akaniletea gunia zima.

"Shangazi, hiki chakula hakitaki kuni. Hiki hapa ni chakula, hiki kipakiti chembamba ni dawa ya moto. Unaviweka pamoja, unatia maji kidogo, kinajipika."

"Kinajipika? Nani anapuliza?"

"Hakuna wa kupuliza. Dawa ikiguswa na maji inachemka. Sasa shangazi, usije ukafungua hii mifuko ya nje kabla ya siku yenyewe, sawa?"

Nikasema sawa. Na ningeacha, ila ile mifuko jamani. Mnajua mifuko ya nailoni ilivyopigwa marufuku, siku hizi ukitaka kuhifadhi mbegu za maharage unahangaika na vifuko vinavyochanika ukiviangalia, na ile ilikuwa mizito, ya kuvutika, kila mlo umevaa wake. Mtu aliyezaliwa huku mgombani atatupa mfuko kama ule? Nikaivua yote. Nikaifua, nikaianika, nikatia mbegu. Vyakula na vile vipakiti vya dawa, vikiwa uchi, nikavipanga kwenye beseni kubwa, nikapandisha darini jikoni, nyuma ya mikungu ya ndizi inayoiva, pale ambapo moshi unapita na mtu hapiti. Sikumwambia mtu. Cha sanduku ni cha jumuiya, cha beseni ni changu. Mtu aliyewahi kuambiwa "tumeshalala" saa saba mchana anaruhusiwa kuwa na beseni.

(Darasa la saba sikumaliza, lakini kuficha kitu najua.)

Ijumaa Kuu ikafika na mvua yake. Njia ya kanisani haipitiki, korongo linanguruma, Babu Deo akasema Njia ya Msalaba tutaisali kwenye jumuiya, na zamu ilikuwa nyumba yangu. Nikafurahi. Nikafagia sebule, nikapanga viti, nikaweka kitambaa cheupe chini ya msalaba. Watu wakaja wamelowa, na watoto wao, wanatetemeka. Hapo Filomena, ambaye hakualikwa kutoa maoni, akasema, "Kwani si tuhamie jikoni kwenye moto? Watoto wataugua."

Nikasema jikoni kuna moshi. Babu Deo akasema moshi hauui, baridi ndiyo inaua. Basi ikahamishwa jumuiya nzima, na msalaba, na kitambaa cheupe, chini ya beseni langu.

Tukaanza. Mvua inapiga bati mpaka msomaji anapiga kelele kama mnadani. Tukiwa kama nusu ya safari, Filomena akaniinamia sikioni, sauti ya kusikika mpaka kwa Babu Deo.

"Mama Aloyce, watoto wamenyauka. Huna hata ndizi za kuchoma?"

"Leo ni Ijumaa Kuu, Filomena. Tunafunga."

"Watoto hawafungi."

"Wajifunze mapema."

Nilijibu vizuri, niliona hata Babu Deo ametikisa kichwa kukubali, nikajisemea moyoni sanduku ni langu.

Tukafika kituo kile Bwana anapokufa, ambapo watu wote wanapiga magoti na kunyamaza. Tukapiga magoti. Tukanyamaza. Kwenye ule unyamavu juu yetu kikaanza kitu, ssssss, kama nyoka aliyekanyagwa. Mama mmoja akajifanya ishara ya msalaba. Kikazidi. Nikakumbuka tundu la msumari kwenye bati, lile nililosema nitaliziba baada ya mavuno, na nikakumbuka beseni liko wapi, na vile vitu viwili vikakutana kichwani mwangu kama magari. Mvua ilikuwa inadondokea kwenye beseni. Beseni lilikuwa linapika.

Ningesema hapo hapo, yangeisha. Lakini ungesema nini na wewe, umepiga magoti, midomo bado ina joto la "wajifunze mapema"? Nikaanzisha wimbo. Kituo cha kunyamaza, mimi naimba, peke yangu, kwa sauti ya mtu anayefukuza ndege kwenye ulezi. Watu wananitazama. Mvuke ukaanza kushuka katikati ya fito za dari, mweupe, mzito, unatuangukia vichwani, na mjukuu wa Filomena akapaza sauti:

"Bibi! Roho Mtakatifu anashuka!"

"Nyamaza, huyo ni Pentekoste," bibi yake akamjibu, "leo bado."

Hapo yakatokea mambo kwa pamoja. Mmoja akapiga kelele moto, wanawake wakabeba watoto, na Babu Deo, ambaye siku nyingine kuinuka kwenye kiti anasaidiwa, akanyakua mpini wa jembe akaanza kudunga dari. Nikamwambia, "Babu, acha, hakuna moto!" Akaniuliza, akiendelea kudunga, "Wewe umejuaje?"

Swali zuri. Kabla sijalijibu beseni lilishuka.

Lilishuka na mkungu wa ndizi, na maji yanayochemka, na pakiti zinazong'aa kama samaki, nyingine zikapasuka hapo hapo kwenye kitambaa cheupe. Ashukuriwe Mungu hakuna aliyeungua. Mchuzi ukamrukia Babu Deo kwenye koti la kanisani. Kisha ikaja harufu. Jamani, harufu. Nyama ya ng'ombe na viazi na kitunguu, siku ya Ijumaa Kuu, chini ya msalaba, kwa watu ambao hawakuwa wametia kitu mdomoni. Nilisikia mate yakimezwa.

Filomena akaokota pakiti moja, akaigeuza, ina picha ya sahani imejaa nyama. Akamwonyesha Babu Deo. Akaniangalia.

"Tunafunga," akasema.

"Ni akiba," nikasema. "Ya dharura."

"Na hii iliyotukuta hapa ni nini, mama, harusi?"

Watu wakacheka, wengine kwa kuficha uso na leso. Ningekuwa na banda la mbuzi ningeingia, lakini nimeshawaeleza lilikokwenda.

Babu Deo akafuta koti, akaamua. Chakula kilichoiva hakirudi darini, kiliwe na watoto na wagonjwa. Kisha akafikiri, akasema hata wazee wa umri wake sheria ya kufunga imeshawapita, akavuta kiti. (Kufunga ndiko kwenye umri wa kuachiwa, kuacha nyama Ijumaa Kuu hakuna umri wa kuachiwa, hilo hata mimi najua, lakini nani atambishia mwenyekiti mwenye kijiko?) Sisi wengine tukakaa tunawatazama. Mjukuu wa Filomena akaja kunishika gauni, mdomo unang'aa mafuta, akasema, "Mama Aloyce, ni tamu! Hata haijaungua!" Ndiyo sifa pekee niliyoipata siku ile.

Walipomaliza, Babu Deo akatangaza. Sanduku litakaa kwa Filomena.

Halafu akaongeza la kunimaliza. Akasema kwa vile nimewanyima watoto chakula mbele ya msalaba, nikate jani la sale nilipeleke kwa Filomena, alipokee kwa niaba ya jumuiya. Kwetu sale likifungwa fundo na kuletwa mlangoni, anayeletewa hawezi kukataa kusamehe, hata moyo uwe umevimba. Kwa hiyo ni mimi niliyefungiwa mlango, nabeba jani kumwomba msamaha aliyenifungia. Andikeni hilo mahali.

Jumatatu ya Pasaka nikaenda. Mvua imetulia kidogo. Nikagonga mlango ule ule, na nilikuwa nimeshajiandaa kwa "tumeshalala". Akafungua. Akapokea jani kwa mikono miwili, akaangalia chini, akasema polepole, "Hata mimi yale ya dagaa yananiuma, Mama Aloyce." Nikakaribia kulia. Akanikaribisha jikoni tunywe chai.

Na njiani kuelekea jikoni, kwenye kamba ya nguo, nikaona mifuko ya nailoni. Mizito. Ya kuvutika. Imefuliwa, imeanikwa, inapepea.

Proches! Kumbe gunia halikuwa moja.

Nikaketi. Nikanywa chai. Nikainua macho taratibu kama mtu anayenyoosha shingo, na kule darini, nyuma ya mikungu, nikaona ukingo wa beseni. Juu ya beseni bati la Filomena lina kutu kuliko langu, nyota za mchana zinaonekana. Yeye ananiongelea habari za sanduku, jinsi alivyolipokea kwa moyo mnyenyekevu. Nikasema hongera.

Nimeapa sitapandisha tena kitu darini zaidi ya ndizi, na tundu langu nimeliziba, na Proches akileta gunia namrudisha nalo mlimani. Nimeapa pia sitasema uongo kwa mtoto mwenye njaa, hicho kiapo nakishika kweli. Lakini kuhusu beseni la Filomena hakuna aliyeniuliza, na sisi tumeshasameheana, si vizuri kufukua. Zamu ya jumuiya inahamia kwake, na mawingu tangu jana yamekaa juu ya mlima.

Mimi nitakaa karibu na mlango.