Kuhesabu Pumzi za Dubu

Jumapili baada ya kanisa, mdogo wangu alinilaza kifudifudi kwenye zulia la sebule yetu, hapa Grand Prairie, akanifunga kitambaa machoni. Alikuwa ametoka Houston, anakosomea wanyamapori. Wiki iliyofuata angekwenda na walimu wake kwenye milima ya magharibi mwa Texas kuwachoma dubu dawa ya usingizi, ili wawapime na kuwavisha shingoni mikanda ya redio ya kufuatilia waendako. Yeye alipewa kazi moja: kuhesabu pumzi.

"Dada, acha kucheka. Dubu hawacheki."

"Dubu gani anavaa kitenge?"

"Wewe ni dubu wa Uvira. Tulia."

Akanieleza, kiganja chake kikiwa mgongoni kwangu. Mnyama halazwi chali, asije akapaliwa na matapishi. Macho hubaki wazi, kwa hiyo hupakwa mafuta yasikauke, halafu hufunikwa. Na mtu wa pumzi haondoki, hata akiitwa na nani.

"Kwa nini asiondoke? Si amelala tu?"

"Hajalala, dada. Dawa imemshika. Ukimtazama juu juu unaona anapumzika vizuri, kumbe ndiyo anakwenda."

Niliacha kucheka.

Mama yetu alipasuliwa katika kambi ya wakimbizi, baada ya sisi kuikimbia Uvira, kwetu Kongo, nikiwa na miaka kumi na minne. Muuguzi alikuwa mmoja kwa wodi nzima; aliniambia nikae naye hadi azinduke. Nilikaa. Nikamwona ametulia, uso hauna maumivu kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, nikafurahi. Nikaenda kuwapikia wadogo zangu uji. Niliporudi alikuwa amekwisha kufa. Niliacha shule nikawalea, na kila aliyeuliza nilimjibu kwamba mama alifia mikononi mwa madaktari.

"Dada, mbona pumzi zinakwenda mbio?"

Ningeweza kunyamaza, kama miaka yote. Lakini nilimwona akilini kule milimani, mnyama mkubwa chini ya mkono wake, na mtu anamwita mara moja tu. Nikamwambia yote nikiwa bado nimefungwa macho, maana ningeuona uso wake nisingemaliza.

Kiganja hakikuondoka mgongoni. Kisha akaniuliza, kwa Kiingereza, kama uji ule na yeye aliunywa.

"Uliunywa," nikasema. "Ukaomba na kikombe cha pili."