Kiraka Kisicho na Upindo

Usiku ule wa upepo, fundi cherehani mmoja alikuwa ameketi sebuleni kwake, simu mapajani, ameshika tama. Kitindamimba wake alikuwa ametoka mchana na boti yake ndogo ya tanga kwenda kuzunguka ziwa, na giza lilikuwa limeingia bila yeye kurudi. Mama huyo hakulia. Alichukua shati la mwanafunzi akashona vifungo, akavifumua, akavishona tena, maana mikono yake ikikaa bure kichwa huanza kutunga misiba.

Simu ilipolia, ilikuwa sauti ya mlinzi wa gati.

"Mama, binti yako tumempata. Alikuwa kwenye miamba ng'ambo. Mzima, ila anatetemeka kwa baridi. Boti ndiyo imepasuka."

"Imepasukia wapi?"

Mlinzi pengine alitegemea kilio. "Ubavuni, mama."

"Ubavu gani? Imechanika kwa urefu au imetoboka?"

"Mama, mimi nimekupigia kukwambia mtoto yu hai!"

"Nimesikia, na Mungu akubariki sana. Sasa nijibu."

Ndivyo alivyokuwa. Mtaani walimwita Mama Kwanini, na jina hilo hakulichukia. Shule aliiachia darasa la tano, lakini maswali hakuyaacha huko. Alishona sare za shule katika chumba cha mbele cha nyumba yake, na suruali ikiletwa imechanika, hakugusa sindano kabla ya kujua kilichoichana. Mteja akiona haya, alimtazama juu ya miwani na kusema, "Sema tu, baba. Kiraka cha msumari si kiraka cha tumbo."

Binti yake aliosha boti za watu pale gatini. Hiyo yake ya tanga, ya faiba, aliachiwa na tajiri mmoja aliyehama, aliyeona afadhali impate mtu kuliko kuoza juani. Mama hakuwahi hata kuigusa. Aliiogopa kama mtu anavyomwogopa mbwa wa jirani: kwa mbali, na kwa jicho lisilobanduka.

Siku mbili baada ya ule usiku, binti alisema huku akipuliza chai, "Ikishatengenezwa, narudi majini."

Hakuwa anaomba ruhusa. Mama alimjua. Huyu ungemfungia kitasa, angetokea dirishani na viatu mkononi. Kumzuia hakuweza. Lakini angeweza kukaa pale pale kiraka kinapowekwa, akaona kwa macho yake mwenyewe kwamba maji hayana pa kupita.

"Basi twende wote kwa fundi," akasema.

Fundi mwenyewe alikuwa na banda refu nyuma ya magereji, akiunga bampa za magari na matangi ya maji. Watu walimwita Fundi Gundi, na vidole vyake vilieleza sababu. Aliipindua boti juu ya meza mbili za mbao, akaanza kuigonga kwa mpini wa bisibisi. Ko, ko, ko. Halafu, pembeni ya ufa, bu.

Mama Kwanini akasogeza sikio. "Hapo mbona imebadilika?"

"Tabaka zimeachana ndani, mama. Kwa juu huoni kitu, ila pameshakufa."

Mama akatoa chaki yake ya kukatia nguo mfukoni. Fundi akawa anagonga, yeye anachora penye sauti nzito. Walipomaliza, ule ufa mwembamba kama kovu ulikuwa katikati ya duara kubwa kama sinia. Mama alilitazama duara hilo kwa muda mrefu. Kumbe mwanawe alikuwa amekalia kitu kilichokufa namna hiyo, na rangi yake bado inang'aa!

Fundi alikata sehemu yote mbovu kwa grenda, akakwangua kingo zake mpaka zikateremka taratibu kama bakuli la kina kifupi. Vumbi jeupe liliingia kila mahali. Mama aliwashwa shingo usiku kucha, na asubuhi alikuwa wa kwanza kufika bandani.

"Hiki si kitambaa hiki?" aliuliza, akishika robota lililokuwa kwenye rafu.

"Ni kioo, mama. Kimevutwa kikawa uzi, uzi ukafumwa."

"Kioo kinavutwaje?"

Fundi akaeleza. Likaja swali jingine, na jingine. Kufikia mchana fundi alimgeukia binti. "Huyu mama yako anazimwa wapi?"

"Hana swichi," binti akajibu, akicheka chini ya barakoa.

Kwa kuwa alijua kukata, fundi alimpa mama kitambaa akate viraka nyumbani, vipande vitano, kila kimoja kikubwa kidogo kuliko mwenzake. Alivikata kwenye meza yake ya sare, na kazi ilimwendea vizuri. Tatizo likawa kwenye kingo. Nyuzi zilichomoka. Kila akinyanyua kipande, uzi mmoja ulianguka, na kila uzi ulioanguka aliuona ni njia ya maji. Maisha yake yote hakuwahi kumkabidhi mtu nguo yenye ukingo ulio wazi. Angewezaje kuanzia kwa mwanawe? Akapinda kila kipande pande zote, akapiga cherehani mara mbili. Alivunja sindano tatu.

Kesho yake fundi alichanganya gundi na dawa ya kuigandisha, akapaka kwenye shimo, akanyoosha mkono bila kutazama. "Kipande cha kwanza."

Alipokigusa akasita. "Mama. Hii ni nini?"

"Upindo."

"Umeishonea boti sare ya shule?"

Hakukuwa na muda wa kucheka. Gundi ile ikishachanganywa haingoji mtu, na kopo lilikuwa limeanza kupata moto. Fundi akajaribu. Akakandamiza kwa rola, lakini pindo lilisimama kama mshipa, na chini yake hewa ikabaki nyeupe, haitoki. Cha pili kikawa hivyo hivyo. Kopo likaanza kutoa moshi, na gundi iliyobaki ikawa jiwe.

"Basi," fundi akasema, akitupa rola. "Ikauke, kesho nikwangue yote upya."

Binti alivua barakoa. "Mama, umefanya makusudi?"

"Makusudi gani?"

"Hutaki niende. Ungesema tu."

Mama aliokota kimoja cha vipande vilivyobaki. Kutotaka, hakutaka kweli. Lakini mikono yake haikujua hila. Ilipinda ule ukingo kwa namna ileile iliyomfunga mtoto huyu shuka akiwa mchanga.

"Sitaki uende," akasema. "Na sijui kushona vibaya makusudi. Yote mawili ni kweli." Kisha akamgeukia fundi. "Kwa nini ukingo uachwe wazi?"

Fundi akachukua uzi mmoja, akauchovya kwenye gundi isiyotiwa dawa bado. Ukapotea, hauonekani tena. "Umeona? Nyuzi zikiwa huru zinalala ndani ya gundi, zinakuwa kitu kimoja na boti. Ukizipinda, gundi haifiki katikati, na unaacha ngazi. Maji yatakuwa yanapiga hapo kila siku."

"Kwa hiyo hapa ukingo unatakiwa upotee."

"Upotee kabisa."

Mama alirudi nyumbani akakata vingine vitano. Safari hii aliviacha na nyuzi zake zikining'inia, na kuvibeba hivyo kulimwumiza kuliko vumbi. Kesho yake, baada ya kukwangua yote, fundi alimpa rola. Aliona kitambaa cheupe kikinywa gundi na kuwa angavu kama maji, kimoja juu ya kingine, mpaka hakuweza kusema kipande gani kinaishia wapi.

Kiraka kilipokauka na kupigwa msasa, waliigeuza boti, wakaijaza maji ndani mpaka juu ya kiraka. Mama alitandika boksi sakafuni, akalala chali chini yake na tochi. Alipapasa kwa kitambaa kikavu. Akangoja, akapapasa tena.

"Mama, umelala?"

"Pakavu," sauti ikatoka chini. "Pakavu kabisa. Kuliko hata upande wa pili."

Wakamwaga maji. Fundi akashika nyuma, binti mbele, wakainyanyua. Lango la bati la banda lilikuwa limefungwa kwa ajili ya vumbi, na aliyekuwa karibu nalo ni mama.

"Mama, lango."

Alishika komeo. Hakulivuta.

"Upepo wa leo unatoka wapi?"

"Nyuma ya gati. Mwepesi."

"Na ukitaka kurudi, utarudije dhidi yake?"

Binti alimtazama, akitafuta kama ni kucheleweshwa au ni kuulizwa. "Kwa kukata mshazari, huku na huku. Njoo gatini nikuoneshe."

"Huku na huku mara ngapi?"

"Mama! Mikono inakatika!"

Fundi akakohoa. Mama Kwanini akavuta komeo, akaegemeza bega kwenye bati, akasukuma. Lango lililia kwenye reli, kisha likafunguka lote.