Jina la Sura ya Tano

Kuna jamaa anachapisha hadithi za watu mtandaoni. Juzi kanitumia ujumbe: "Sista, hadithi iko poa sana, ila sura zako hazina majina. Sura ya Kwanza, Sura ya Pili, nani atabonyeza? Nipe majina kumi na mbili, makali."

Leo siku ya tatu niko na kazi hiyo. Nimeandika majina, nimefuta, nimeandika tena. Jana niliandika "Siku ya Hukumu" nikajicheka mwenyewe, maana nusu ya hadithi za huko mtandaoni zina sura inaitwa hivyohivyo. Nimechoka bwana. Shingo inauma, chai imepoa mara mbili, na jamaa kila nikishika simu naona katuma alama ya kuuliza.

Na kinachonikera ni kwamba hii kazi nilikuwaga naiweza. Nikiwa na miaka kumi na tatu, pale Mtoni, hakuna aliyenishinda kwa majina ya sura. Acha nikusimulie, nikimaliza labda nitalala.

Tulikuwa tunakaa nyumba ya kupanga, vyumba sita, korido katikati, uani nyuma. Mie na bibi yangu tulikuwa chumba cha kwanza. Bibi alikuwa anapika vitumbua, kwa hiyo asubuhi zangu zote za utotoni zinanukia iliki na mkaa unaoanza kushika. Mpaka leo nikisikia chuma cha vitumbua kinakwanguliwa nasikia njaa. Kazi yangu ilikuwa kuosha mchele wa kuloweka, kufagia uani siku ya zamu yetu, na kukuna nazi, hiyo ya nazi nilikuwa naichukia kwa moyo wote.

Chumba cha tatu alikaa jirani yetu fundi cherehani, mtu wa bara, mama wa makamo, mpole, mguu wake haukutulia kwenye ile pedali. Nyumba nzima tulimwita mama fundi. Yeye alimwita bibi "mama", bibi akamwita "mwanangu", na waliitana hivyo kweli, siyo kwa adabu tu. Idd sahani ya kwanza ya pilau ilikuwa inaenda chumba cha tatu. Krismasi mie ndiye nilikuwa navaa gauni jipya, Muislamu mzima, na mama fundi hataki hata asante. Mume wake alikuwa dereva wa malori, anapeleka mizigo Zambia. Ndivyo tulivyoambiwa.

Sasa, kidato cha kwanza nikaanza kuandika hadithi kwenye kaunta buku, lile daftari nene la jalada gumu. Mambo ya ajabu tu: mji usiokuwepo duniani, malkia, mwindaji aliyepotea. Lile daftari lilikuwa linazunguka darasani chini ya madawati. Kila msichana alikuwa analipata kipindi kimoja, na kipindi kimoja hakitoshi kusoma hadithi yote, kwa hiyo walikuwa wanafungua ukurasa wa mbele kwenye orodha ya sura, wanachagua moja kwa jina lake. Sura yenye jina baya haikusomwa na mtu. Niliona kabisa kurasa zake zimebaki safi, wakati zile nyingine zimejaa alama za vidole.

Mwalimu wa Kiswahili akalikamata siku moja. Nikajua limechanwa. Akasoma orodha amesimama, akanirudishia, akasema, "Hadithi yenyewe ya kawaida. Hayo majina umeyatoa wapi?" Nikalikumbatia daftari langu. Akasema, "Ukiandika jina la sura na wewe mwenyewe hutaki kufungua, futa." Basi, akaendelea na somo.

Niliyatoa wapi? Uani. Watu kwenye hadithi walikuwa wa uongo, mji wa uongo, lakini majina ya sura yalikuwa maneno ya kinamama wa nyumba yetu, nimeyaokota vilevile yalivyodondoka. Mama wa chumba cha mwisho alikuwa na shemeji yake aliyekuja kwa siku mbili akakaa miezi minne. Siku moja akamlalamikia bibi, "Mgeni gani ana ufunguo?" Nikaenda mbio kuandika: Mgeni Ana Ufunguo. Mwanae alipotumwa mlangoni kumjibu mtu, akajibu vizuri tu alivyofundishwa, na ikawa sura ya pili: Mama Kasema Hayupo. Maji yalipokatika wiki nzima nikapata Ndoo Yangu Usiiguse.

Na wao walijua. Ikawa desturi yetu. Jumamosi alasiri, mabeseni ya nguo yako uani, mtu anasukwa, mtu anachambua mchele, mtu anapaa samaki, lazima aseme mmoja, "Haya mwandishi, tusomee majina. Hadithi tutasoma siku tukipata nafasi." Nafasi hawakuipata hata siku moja. Nilisoma majina tu, na kila jina lilikuwa na mwenyewe.

"Hilo la kwangu hilo!"

"Wala, la kwako lile la ndoo. We mchoyo wa ndoo tangu unahamia hapa."

"Mwandishi, mie mbona hujaniweka? Au mpaka nigombane na mtu?"

Walicheka mpaka povu la sabuni linawaruka usoni. Mama fundi naye alicheka, amekaa na cherehani yake pale mlango wa korido. Nilijiona mtu mkubwa.

Sura ya tano ikanikwamisha. Ilikuwa ya mke wa mwindaji, anamngojea mumewe, anadanganya majirani kwamba mume yuko mbali anatafuta pembe za dhahabu. Nilishaiandika yote, jina sina. Siku tatu. Wasichana darasani wananisumbua, mmoja kaniambia nimeishiwa. Unajua kuambiwa umeishiwa una miaka kumi na tatu?

Jumapili nikawa nakuna nazi jikoni. Mama fundi anapanga kapu lake. Kila Jumapili alikuwa anakwenda Segerea, kwa dada yake, wanasali wote huko. Ndivyo nyumba ilivyojua. Lakini mie nililala chumba kimoja na bibi, na jioni moja nilimsikia mama fundi analia pale kitandani kwetu, kwamba kesi imesogezwa tena, kwamba mume hana hatia, kwamba amekonda. Dada hakuwepo. Lori halikuwepo. Mume alikuwa mahabusu, kwenye gereza la hukohuko Segerea. Bibi peke yake ndiye alijua, na ndiye alimsaidia kupika chakula cha kumpelekea. Mie hakuna aliyeniambia nifiche, maana hakuna aliyefikiri mtoto wa bibi anahitaji kuambiwa.

Wao wawili walikuwa na lugha yao. Siku ile mama fundi alisema, "Mama, leo Zambia tupeleke nini?"

"Wali. Na huyo samaki umtoe miiba, asije akahangaika."

"Zambia hawapendi pilipili siku hizi."

"Basi hiyo pilipili ubaki nayo mwenyewe."

Wakacheka kidogo, kile kicheko cha watu waliochoka. Na mie niko juu ya mbuzi ya kukunia nazi, nasikia yote. Nimelipata! Nikaacha nazi nusu, nikaenda chumbani, nikaandika kwa kalamu nyekundu, nikapigia mstari kwa rula.

Jumamosi ikafika. Mabeseni uani. "Haya mwandishi." Nikaanza. Wakacheka, wakagombania. Nikafika pale. Ningeweza kuruka. Wee, nisikudanganye kwamba sikufikiri. Nilifikiri. Nilifikiri watasema, duh, hili kali. Mwili mzima ulikuwa unataka kulisema.

"Sura ya Tano. Zambia Iko Segerea."

Cherehani ikasimama.

Mama wa chumba cha mwisho mikono yake iko kwenye povu, akauliza, "Hilo la nani tena?" Alikuwa anauliza kweli, hakuwa na ubaya. Kisha nikamwona anapiga hesabu. Akaangalia mlango wa korido. Akaangalia kapu lililoning'inia msumarini. "Segerea… kila Jumapili…" Akatoa mikono kwenye maji. "Kumbe! Kumbe lori limepaki pale!"

Mmoja akacheka. Wawili wakacheka. Halafu kila mtu akaangalia beseni lake.

Bibi akasema taratibu, "Lete hilo daftari." Nikampa. Hakulichana. Alilikalia, akaendelea kuchambua mchele. Na cherehani ikaanza tena, spidi ileile, kama hakuna kilichotokea, na ndicho kilichonitisha zaidi.

Jioni nikaenda chumba cha tatu. Alikuwa ametandika kitambaa sakafuni, anachora kwa chaki.

"Shikamoo mama fundi."

"Marahaba. Usikanyage hapo."

Nikasimama. Nilijiandaa kutukanwa, nilitaka kabisa nitukanwe. Akachora mpaka akafika pembeni.

"Ulikuwa unatafuta jina?"

"Ndiyo."

"Ukakaa siku ngapi hujalipata?"

"Tatu."

Akaitikia kwa kichwa, kama fundi anayeelewa kazi ya fundi mwenzake. "Ni zuri," akasema. Akachukua mkasi. "Nipishe sasa, nikate."

Wiki ile wanakwaya wa kanisani waliokuwa wamempa kitambaa awashonee sare wakaja kukichukua, hakijaguswa na sindano. Walisema wana haraka. Watoto wa mtaani wakaanza kumwita Mama Zambia, kwanza kwa kujificha nyuma ya ukuta, baadaye hadharani, baadaye hata muuza mkaa aliyekuwa hajui lolote akawa anabisha hodi, "Mama Zambia, magunia yameshuka!" Mume hakuwa amehukumiwa kwa lolote. Mke nilishamhukumu mie, kwa maneno matatu. Jumatatu bibi alinirudishia kaunta buku, na darasani lile ndilo jina lililosomwa kuliko yote, kurasa zake zilichakaa mpaka zikatoka.

Mwezi haukuisha akahama. Cherehani ilipandishwa kwenye mkokoteni miguu juu. Bibi alimsindikiza mpaka barabara ya Kilwa, mie nikabaki getini. Niliwaona wanaongea, bibi anamshika mkono, mama fundi anafuta uso kwa upande wa kitenge. Walikuwa wanasemezana nini sijui, na sitakaa nijue.

Bibi hakunipiga. Ningependa angenipiga. Alirudi, akaloweka mchele wake. Ila tangu siku ile, nikiingia jikoni, maneno yakawa yanakatika. Bibi anaongea na mtu, mie natokeza, kimya, halafu "eeh, na huu mkaa siku hizi mbichi." Kinamama nao wakawa hivyohivyo. "Subirini, mwandishi kaja." Mwanzoni walisema wakicheka. Baadaye hawakucheka. Jumamosi hakuna aliyeniomba majina, na sura ya sita na ya saba nilizipa namba tu, kisha nikaacha kabisa. Niliishi ile nyumba miaka mitano zaidi, nikamaliza kidato cha nne, na sikusikia sentensi moja nzima ya bibi yangu na mtu mwingine. Wakubwa walikuwa wanaongea mambo ya maana mahali ambapo mie sipo.

Ile nyumba haipo sasa. Nilipita mwaka jana, wamejenga godauni la vigae, uani kwetu wamemwaga zege, malori yanageuzia pale. Wapangaji wametawanyika, mwingine Mbagala, mwingine karudi kwao. Segerea nilishawahi kushuka, nikauliza mafundi cherehani watatu, wanne. Mama mmoja mtu wa bara, mpole, mume wake hivi na hivi. Hakuna anayemjua. Na kusema kweli nilipoambiwa hayupo nilishusha pumzi, maana sikuwa na la kumwambia.

Bibi alifariki mwaka juzi, kwa shangazi. Wiki zile za mwisho nilikuwa namuuguza mchana, shangazi akiwa kazini. Siku moja, kama saa tisa alasiri, joto, pangaboi la darini halizunguki, akanitazama muda mrefu.

"Kalamu unayo?"

"Sina, bibi."

"Na simu?"

Nikatoka, nikaenda kuiacha sebuleni, nikarudi nikamwonyesha viganja. Akaniambia nikae. Akaanza kunisimulia mambo yake ya usichana, kabla ya babu, mambo ambayo hata shangazi hayajui, anacheka mpaka anakohoa, anafuta macho, anaendelea. Na katikati pale akasema sentensi moja. Maneno manne. Nilihisi vidole vinawasha. Hadithi ninayoandika sasa, ile sura ya tisa iliyonishinda siku tatu hizi, jina lake ni hilo, hakuna lingine litakaloingia pale. Ningemtumia jamaa sasa hivi angefurahi.

Sijaliandika. Wala kwenye shajara yangu halimo, na hapa sikuambii. Sura ya tisa itakwenda na namba yake, jamaa akikataa akatae.

Alisimulia bila kukatisha mpaka shangazi akarudi kutoka kazini. Akaomba maji. Nikamshika kichwa akanywa, akalala, na mie nikabaki nimekaa palepale mikono mapajani.