Mzee Aliyeomba Kuona Plagi Yangu

Siku niliyokwenda Temeke kujitambulisha kwa baba wa mchumba wangu, nilijiandaa kwa maswali yote isipokuwa lile aliloniuliza. Nilikuwa na majibu kuhusu ukoo, dini, kazi na pombe. Hata soksi nilikuwa nimezipiga pasi. Mzee aliitikia shikamoo yangu, akanitazama mara moja, kisha akanipita na kwenda kuinama mbele ya pikipiki niliyoiegesha mlangoni.

"Hii umeipanda kutoka Goba?"

"Ndiyo, mzee."

"Naomba nione plagi."

Nilifurahi. Yeye alikuwa fundi wa injini, mtu wa Songea aliyestaafu baada ya miaka mingi kwenye gereji ya malori. Mimi ni mwalimu wa kemia, na siku zile plagi yangu nilijivunia kuliko cheti changu.

Ile pikipiki niliinunua kwa mwalimu mwenzangu aliyehama, na umri wake ulikuwa mkubwa kuliko wa baadhi ya wanafunzi wangu. Ilipokuja ilikuwa ikitoa moshi na kunywa petroli bila haya. Nilipoifungua plagi, kile kidude kinachotoa cheche ya kuwasha mafuta ndani ya injini, ilikuwa nyeusi tii kwa masizi. Nikapiga hesabu ya kidato cha tatu: masizi ni mafuta ambayo hayakuungua yote, kwa hiyo mafuta yamezidi. Nikafungua kabureta, nikaishusha sindano inayopima mafuta. Plagi ikaanza kutoka na rangi ya kahawia. Nikaishusha tena. Ikatoka nyeupe kama chaki. Nikaipiga picha, nikaiweka status, na chini yake nikaandika: "Sayansi haidanganyi."

Basi pale mlangoni niliichomoa na kumkabidhi. Mzee akaiinua kwenye mwanga, akaigeuza, akaipuliza.

"Nyeupe," nikasema, nikidhani haoni vizuri.

"Naona." Akanirudishia. "Imefunga tangu lini?"

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Injini yako ina njaa, mwalimu. Hayo mafuta unayoibania ndiyo yanayoipooza. Rudisha sindano ilivyokuwa, halafu katazame chujio la hewa."

Nilimtii nusu, na nilichagua nusu iliyo rahisi. Kesho yake nilifungua chujio, nikalikuta limejaa vumbi jekundu la barabara za Goba, zito kama zulia. Hapo nikaelewa kwamba tangu mwanzo mafuta hayakuwa yamezidi; hewa ndiyo ilikuwa imezibwa. Mtu mwenye akili angerudisha sindano dakika ileile. Mimi nililiosha chujio, nikalianika, nikalirudisha, na sindano nikaiacha palepale. Kwa hiyo sasa injini ilikuwa na mapafu mazima na nusu sahani ya chakula. Nilijua. Ila sikuweza kukubali kwamba ule weupe wangu ulikuwa ugonjwa.

Wiki mbili baadaye mzee akapiga simu, akasema anataka kuiona nyumba nitakayoishi na binti yake. Nyumba lilikuwa neno langu mimi. Nikamwambia nitamkodia bajaji.

"Ya nini? Si una pikipiki?"

Tuliondoka Temeke jua likiwa utosini. Kwenye foleni injini ilinguruma chini yetu na joto likanipanda kwenye miguu. Tulipoanza kupanda mlima wa Goba, kila nilipoongeza moto nilisikia sauti ndogo, ka-ka-ka, kama kokoto ndani ya kopo. Mzee akanigonga bega.

"Unasikia?"

"Nini, mzee?"

"Hicho unachojifanya hukisikii."

Katikati ya mlima nguvu ikaisha. Kukatoka mlio mkali, tairi la nyuma likagoma kuzunguka, tukateleza kidogo na kusimama. Hatukuanguka. Harufu ya oili iliyoungua ilitupanda puani. Nikatoa chupa ya maji kwenye begi, nikafungua kifuniko, nikainama kwenye injini. Mzee akanikamata mkono.

"Mwalimu! Glasi ikitoka motoni, unaimwagia maji ya baridi?"

"Hapana."

"Darasani unawaambiaje watoto?"

"Kwamba itapasuka."

"Sasa?"

Maji nikayanywa.

Tuliketi kwenye rundo la matofali ya mtu, tukiisubiri injini ipoe. Ilikuwa ikilialia yenyewe, tik, tik, kwa namna ya kunisema. Baada ya kitambo mzee akasema bila kunitazama:

"Sindano hukurudisha."

"Sikurudisha."

"Kwa nini?"

Niliwaza kusema kwamba ilikuwa imekwama. Uongo ule ulikuwa tayari mdomoni, safi kabisa. Kisha nikaona mikono yake, ilivyokuwa na makovu ya kuungua mpaka kwenye viwiko, nikajua hatausadiki hata sekunde moja.

"Niliona aibu, mzee. Watu walishaiona picha."

"Naijua hiyo picha. Unadhani nilijuaje niulizie plagi? Binti yangu alinionyesha. Akaniambia, baba, huyu mtu wangu ataunguza injini, mie nashindwa kumwambia, amefurahi mno."

Nilikumbuka kwamba siku ile, chini ya picha yangu, mchumba wangu alinitumia makopa matatu mekundu. Kumbe yalikuwa makopa ya rambirambi. Alikulia gereji yule. Akiwa darasa la nne alikuwa akisugua plagi za malori kwa brashi ya waya, na huyo ndiye niliyekuwa nikimweleza maana ya cheche.

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaniambia kwamba na yeye, ujana wake, alilibania lori la bosi wake mafuta ili asifiwe. Akasifiwa kweli, mbele ya mafundi wote. Wiki ileile lori likafia njiani na mzigo, na bosi akaja kumfukuza kwa sauti ileile aliyomsifia. "Nilirudi nyumbani kwa miguu," akasema. "Njia nzima namlaumu dereva."

Kisha akauliza, "Na binti yangu siku akikuambia umekosea, utafanyaje?"

Katika majibu yote niliyokuja nayo siku ya kwanza, hilo halikuwamo.

"Nitachelewa kukubali," nikasema. "Lakini nitakubali."

"Utachelewa sana?"

"Sijui, mzee."

Akatikisa kichwa, akainuka, akakanyaga kiki taratibu. Ilishuka, ila kwa mkwaruzo uliotufanya sote wawili tukunje uso. Akanikataza kuiwasha. Tukaisukuma kupanda mlima, mimi nimeshika usukani, yeye nyuma, mpaka kiwanjani kwangu. Akasimama akihema, akaangalia majani yaliyoota juu ya msingi.

"Nyumba iko wapi?"

"Ndiyo hii."

Alizunguka chumba baada ya chumba, akipita kwenye milango isiyokuwepo. "Jiko dogo," akasema.

Pikipiki ilirudi Temeke juu ya kirikuu, kigari kidogo cha mizigo. Pistoni ilikuwa imechubuka ubavu mzima. Jumamosi tatu mfululizo nilikwenda kwake kuosha vyuma kwa petroli na kumpa spana alizoziita kwa namba, nami nikikosea namba alikuwa ananingoja tu, bila kusema, mpaka nigundue. Sindano niliirudisha mwenyewe, yeye akiangalia pembeni. Jumamosi ya tatu tuliizungusha mtaani kisha tukaichomoa plagi. Ilikuwa na rangi ya karanga iliyokaangwa vizuri. Aliinusa, akairudisha.

Nikaona huo ndio wakati.

"Na lile suala langu lingine, mzee?"

"Lipi?" Alikuwa akinawa mikono kwa sabuni ya unga.

"La binti."

"Aa, hilo." Akajifuta kwa fulana. "Hilo walishakubaliana na mama yake tangu mwaka jana. Mie nilikuwa naangalia injini tu."

Akaingia ndani kula. Mimi nikabaki nje, nikaanza kuzifuta spana moja moja, hata zile ambazo hatukuzitumia.