Ni Mahari Gani?

Nilikuwa na kaswende. Kwa muda mrefu nilisema ni sabuni. Vipele vilipotokea kwenye viganja na nyayo, haviwashi wala haviumi, niliwaambia majirani zangu wa Mabawe kwamba sabuni mpya ya kufulia hainipendi. Nikabadili sabuni. Vikaendelea. Nikalilaumu jembe, ingawa majirani wanajua jembe langu hulala kuliko mimi, na tena jembe halishikwi kwa nyayo.

Mjane wa makamo mwenye shahada ya isimu hapati kaswende: huo ndio ulikuwa uchunguzi wangu wa kitabibu. Nilidhani ugonjwa huo ulikwisha na kizazi cha babu zetu.

Muuguzi hospitalini alitazama viganja vyangu, akanitoboa kidole, akadondoshea damu kwenye kipimo kidogo cha plastiki. Akaniuliza kama niliwahi kuona kidonda. Nilisema hapana, na hapo sikudanganya. Akaeleza kwamba kidonda cha kwanza mara nyingi hakiumi, hujificha na kupona chenyewe, mtu akajiona mzima. Mistari miwili ikatokea. Alisema siku hizi anawaona wengi, hata wajawazito wanaokuja kliniki. Watu wanaogopa virusi vya Ukimwi, hii wameisahau. Maabara wakachukua damu ya mkononi pia, ili baadaye walinganishe waone kama ugonjwa unashuka, maana kipimo cha kidole huweza kubaki na mistari yake hata ukipona. Kisha nikachomwa penisilini, nusu kila tako, dawa nzito kama uji. Nilitoka nikitembea kama bata.

“Mwenzio asipotibiwa, mama, tutaonana tena hapa,” alisema.

Mwenzangu alikuwa mfuga nyuki wa Nyamigogo, mgane, aliyetarajiwa kujitambulisha kwa kaka zangu baada ya mavuno. Kwake kila l ni r. Mwanzoni nilikuwa namsahihisha, ndipo akaanza kuniita mwalimu, na si kwa heshima.

Nilimweleza tukiwa stendi ya Benaco, tukisubiri mabasi ya kwenda pande tofauti, chai zetu zikipoa. Alisema yeye haumwi popote. Nikamwambia hata mimi sikuumwa, na kama hatapima asije kwa kaka zangu. Akapanda basi lake. Baada ya hapo, kimya. Nikajiambia kwamba hata hivyo sikuwa nampenda sana. Hiyo nayo ilikuwa sabuni.

Asubuhi moja nachambua maharage, akapiga. Mtandao ulikuwa unakatika.

“Mwarimu, ni mahari gani?”

Kumbe anachowaza ni kaka zangu watadai nini. Nikamwambia kwa upole kwamba habari za mahari tuziache mpaka atakapopima.

“Siurizi ng'ombe, mwarimu. Nipo hospitari hapa kwenu Ngara, kure kwetu wananijua. Ni mahari gani wanapima hiyo damu? Mirango ni mingi, na wamama wote wa kriniki wananitazama.”

Niliweka ungo chini. Nikamwambia akae hapo hapo mahari alipo, nakuja.