Mbura Usiopandwa na Mtu

Kichaka cha mbura kilikuwa mwisho wa kibanja cha baba yetu kijijini Ijumbi, shamba la migomba na kahawa, pale migomba inapokoma na zinapoanza nyasi za rweya, mbuga isiyolimwa. Kilikuwa kirefu kumzidi mtu kidogo. Matunda yake ya rangi ya udongo huanguka yangali magumu, yakaivia chini, na ukiyaweka kapuni hunukia nyumba nzima. Kitabu cha zamani cha mimea nilichonunua Bukoba mjini kinauweka mbura katika jamii moja na plamu. Vitabu vya karibuni vimeutenga. Vyote vinakubaliana kwamba kokwa yake ni ngumu sana na aghalabu hukataa kuota ikipandwa. Mbura hujiotea.

Mambo haya nilijifunza mwenyewe baada ya darasa la saba. Ndiyo maana baba alipofariki ukoo ulinichagua mimi niandike orodha ya mimea ya kibanja kabla ya kugawana.

Dada yetu mkubwa alikuwa amerudi nyumbani miaka mingi kabla ya hapo, ndoa yake ilipovunjika, akaishi katika kibanda humo kibanjani. Ndiye aliyemuuguza baba. Kwa desturi ya ukoo wetu, binti aliyerudi harithi kibanja, lakini mti alioupanda kwa mkono wake hanyang'anywi, na mwenye mti haondolewi ulipo mti wake. Migomba na kahawa vilikuwa vya baba. Dada alibaki na kile kichaka tu. Alikipalilia, alikipogoa, na kila kiangazi alifyeka nyasi kukizunguka ili moto wa rweya usikifikie.

Nilipofika pale na baba mdogo, tulimkuta amesimama na jembe lake.

"Hiki andika changu," alisema. "Nilikipanda."

Baba mdogo akacheka. "Mwandishi wetu amehesabu hata mashina yaliyooza. Yeye ndiye ajuaye."

"Mbura haupandwi, dada," nilisema. "Unaota wenyewe."

"Na wewe uliota mwenyewe? Ulipokuwa unakwenda shule na njaa, nani alikujazia mfuko matunda ya hapa?"

"Sikatai kwamba uliutunza."

"Basi andika, mdogo wangu. Hilo neno moja tu."

Niliandika: mbura mmoja, wa mwituni, haukupandwa na mtu. Alisoma akiwa ameinama begani kwangu, polepole, kisha akarudi kulima maharage yake.

Mkobani nilikuwa pia na nakala ya sheria ya ardhi ya vijiji, ile inayobatilisha mila zinazomnyima mwanamke ardhi. Nilikuwa nimekipigia mstari kifungu chenyewe. Kwenye kikao cha ukoo cha kugawana hakuna aliyeniuliza, nami sikuitoa. Sehemu ya chini ya kibanja, yenye mbura, ilikuwa imependekezwa iwe yangu, na nililijua hilo kabla sijaanza kuandika.

Dada alivuna maharage, akahamia chumba cha kupanga Nshamba.

Mwaka huu nilimpelekea karatasi ya kumrudishia sehemu ile, imeandikwa vizuri, na nafasi za mashahidi zimeachwa wazi. Nilimkuta barazani anachambua mchele na jirani yake. Aliisoma yote.

"Kibanda changu mlikwisha kukibomoa," alisema. "Nirudi nikalale wapi?"

"Nitakujengea."

"Baba mdogo amekubali?"

Sikuwa nimemwuliza. Alinirudishia karatasi, akaingia ndani kuchemsha chai. Jirani akanitazama, kisha akauliza kwa sauti kuelekea mlangoni, "Mama, huyu ni ndugu yako? Mmefanana."

"Ni mwandishi wa ukoo," dada akajibu kutoka ndani. "Ana mwandiko mzuri sana."

Aliniletea chai kwenye kikombe chenye kisahani, kile anachowawekea wageni.